Uwanja wa Safisha Tumbo

Nchi ya Lamboni haimo kwenye ramani yoyote, basi usijichoshe kuitafuta. Na ukiona mmoja wa watu wake anafanana na jirani yako, hilo mmalizane wewe na jirani yako, mimi simo.

Nchi hiyo ilitawaliwa na Mfalme Kiboko, aliyeongoza serikali akiwa ndani ya maji hadi puani. Mawaziri walisimama ukingoni wakamsomea mambo ya nchi. Akikubali alitoa mapovu, na akikataa alitoa mapovu vilevile. Waziri Mkuu, Korongo, kazi yake ilikuwa kuwaeleza wananchi mapovu hayo yana maana gani. Korongo aliifaa kazi hiyo kuliko wote. Alisimama kwa mguu mmoja tu mwaka mzima, na wa pili aliuweka akiba, ili upepo ukigeuka asikose pa kuutua.

Lakini Lamboni ilikuwa na desturi iliyowapita wafalme wote kwa umri. Jina halikuwa jina mpaka liitikiwe. Mtoto akizaliwa, mpiga mbiu aliliita jina lake mara tatu mbele ya watu, nao wakaitika, "Yupo!" Mfalme akisimikwa, vivyo hivyo. Uwanja wa mpira nao uliitwa kila siku ya mechi kabla mpira haujawekwa kati, watu wakaitika, "Upo!" Na kilichoitikiwa kwa jina la mtu kilikuwa mali ya mtu huyo na kizazi chake, hakuna hati wala mhuri. Jina likiitwa mara tatu kukawa kimya, basi limezikwa, na hakuna wa kulifufua.

Mpiga mbiu wa Lamboni alikuwa Bi Punda, mjane wa makamo mwenye sauti iliyovuka bonde. Walioipenda waliisikia, na wasioipenda hawakuwa na namna. Kwa miaka ishirini alikuwa akiuita Uwanja wa Fuko, nyumbani kwa timu ya Makwato, na kila alipouita moyo ulimshtuka kidogo. Alikuwa amemjua Fuko mwenyewe.

Pale palikuwa kinamasi. Fuko ndiye aliyechimba mifereji chini kwa chini hadi maji yakaondoka, na Bi Punda, wakati huo msichana wa kwato laini, ndiye aliyebeba udongo. Siku moja kabla ya mechi ya kwanza mfereji wa mwisho ulimporomokea Fuko. Bi Punda alimbeba mgongoni hadi kwa mkewe. Kesho yake akauita uwanja kwa jina la marehemu, na nchi nzima ikaitika. Tangu hapo Bi Fuko na wanawe saba waliishi chini ya goli la magharibi, wakisafisha mifereji ili watu wacheze pakavu. Wachache walikumbuka kwamba wapo.

Sasa akatokea Fisi.

Fisi alikuwa mfanyabiashara wa dawa moja tu, Safisha Tumbo, dawa ya minyoo, na alitaka uwanja uitwe kwa jina la dawa yake. Habari ilipofika kwenye kibanda cha uji cha Mama Nguchiro, mahali walipokutana mashabiki wa Makwato, uji ulipoa mabakulini.

"Jina halifungi goli!" alisema Ngiri, mlinzi wa lango la uwanja na mwenyekiti wa tawi. "Miaka ishirini tunakalia mawe. Mvua ikinyesha ni yetu, jua likiwaka ni letu. Mtu anatuletea paa, nanyi mnataka kumwuliza anauza nini?"

"Anauza dawa ya kuhara," alisema Nungunungu.

"Ya minyoo."

"Minyoo inatokaje, mwenyekiti?" Watu wakacheka, naye Nungunungu akapata nguvu. "Tukienda ugenini, watani wetu Makucha watatuimbia nini? Mimi na miiba yangu hii, nitamchoma nani nimwache nani?"

"Wanatuimbia hata leo! Tena wanatuimbia tumeshapigwa matano. Afadhali waniimbie nikiwa mkavu."

Pongo mmoja mpenda amani akasema jina jipya liandikwe ukutani tu, midomoni waendelee na la zamani. Mama Nguchiro alikuwa akikoroga chungu, hata hakugeuka. "Kwetu ukuta hauna kazi, mwanangu. Kwetu ni midomo."

Wakapiga kura. Ngiri akashinda, tena kwa mbali. Bi Punda hakuwachukia hata mmoja. Yeye mwenyewe alikuwa amenyeshewa miaka hiyo yote, na alijua mtu aliyeloa haulizi mwavuli ni wa nani. Alijiambia Fuko angeelewa.

Wiki hiyo akaitwa barazani, ukingoni mwa lambo, asikilize mkataba atakaoupigia mbiu. Fisi aliusoma kwa sauti ya ibada. Uwanja utapata paa. Mtukufu Mfalme atajengewa bwawa la faragha lenye maji ya uvuguvugu. Hapo mapovu yakawa mengi. Korongo akatangaza kwamba Mfalme anaguswa na shida za mashabiki.

"Na dawa yenyewe," Fisi aliendelea, akiweka mkono kifuani, "naapa mbele ya Mtukufu, ni tamu kama asali. Mtoto mchanga anakunywa kibuyu kizima na kuomba kingine."

Bi Punda alikaza uso. Masika yaliyopita alikunywa nusu kijiko cha dawa hiyo, na siku mbili hakuonekana kwa majirani.

"Kwa hayo yote," Fisi alimalizia haraka haraka, "mdhamini atakuwa mwenye jina la uwanja, juu ya ardhi na chini ya ardhi, yeye na kizazi chake, asanteni sana."

Masikio ya punda si ya mapambo. "Samahani, Bwana Fisi. Chini ya ardhi kuna nini?"

"Lugha ya mikataba tu, Bi Punda. Wanasheria wanapenda maneno."

"Chini ya ardhi kuna watu."

Korongo alikohoa. "Serikali imefanya uchunguzi wa kina. Imetazama uwanja wote, haikuona mtu."

"Ilitazama juu, mheshimiwa."

"Serikali hutazama kutoka juu, Bi Punda. Huko ndiko iliko." Kisha akamwegemea sikioni, kwa upole mtupu. "Kasuku ameomba kazi yako. Anasema yeye husema chochote anachoambiwa. Nimemjibu nafasi bado haijawa wazi."

Bi Punda akashuka hadi goli la magharibi, akapiga kwato chini mara mbili kama wafanyavyo wageni. Bi Fuko akatokeza pua.

"Karibu, shoga. Utanisamehe, kwangu hapakaliki. Vijana wa Fisi wamekuja kupima. Wamechomeka kijiti huko juu kikatokezea jikoni, kimeingia kwenye chungu cha maharage."

"Wamesema wanapima nini?"

"Ghala la dawa." Bi Fuko alisema kwa utulivu, kama mtu aliyekwisha lia. "Wanangu hawajawahi kuliona jua, Bi Punda. Nitawapeleka wapi? Ni kweli wewe ndiye utakayeliita hilo jina?"

"Nikikataa ataliita Kasuku. Na watu wataitika, wameahidiwa paa. Sina la kufanya."

"Basi aite Kasuku," alisema Bi Fuko. "Yeye hakumbeba mume wangu."

Bi Punda alirudi nyumbani na neno hilo. Alilia, tena kilio cha punda hakifichiki, mtaa mzima ulijua. Asubuhi alipoamka hasira ilikuwa imekaa mahali pa machozi, naye akaona hasira ina akili kuliko alivyodhani.

Siku mbili baadaye baraza lilikutana tena kupanga sherehe. Jina jipya lingeitwa siku ya mechi ya Makwato na Makucha, nchi nzima ikiwa uwanjani. Korongo aliuliza kama kuna mwenye neno.

"Mimi ni mjinga wa desturi tu," alisema Bi Punda, akiinamisha kichwa. "Lakini mtoto kabla ya kuitwa jina huonjeshwa asali. Sasa watu wataitikaje jina wasilolijua hata ladha yake?"

Fisi alicheka. Fisi hucheka hata matangani, lakini mara hii alifurahi kweli. "Maneno hayo! Nitawaonjesha wote. Kijiko kijiko!"

"Kijiko, bwana? Siku ya harusi pilau hupimwa kwa kijiko?"

"Kibuyu kimeandikwa nusu kijiko kwa siku," alisema Korongo, aliyezoea kusoma maandishi madogo ya wengine.

"Ah, kumbe ni kali," Bi Punda akasema upesi, kwa huzuni. "Basi tuache, Bwana Fisi. Tusije tukamdhuru mtu, hasa Mtukufu, maana kwa desturi anayeonja kwanza ni Mfalme."

Lambo likatulia. Kisha kichwa chote cha Mfalme kikatoka majini, jambo lililokuwa halijaonekana tangu kusimikwa kwake.

"Ni kali?" aliuliza Mfalme.

Fisi alitazama kulia, akatazama kushoto. Hapo hapo aliposimama ndipo alipoapa. "Kali? Hasha, Mtukufu! Asali tupu. Mtoto mchanga..."

"Anakunywa kibuyu kizima, nakumbuka. Basi kibuyu kizima kwa kila mtu, nami nitaanza." Mfalme alikuwa mroho, lakini hakuwa mpumbavu kabisa. "Nawe utakunywa pamoja nami, Fisi, bega kwa bega."

"Kwa heshima kubwa," alisema Fisi, na sauti ilimtoka nyembamba.

"Na mpiga mbiu?" aliuliza Korongo.

"Ole wangu," alisema Bi Punda. "Mpiga mbiu hufunga mpaka jina liitikiwe. Desturi, mheshimiwa."

Siku ya mechi uwanja ulijaa mapema. Ngiri alikuwa langoni, lakini macho yake yalikuwa kwenye paa. Paa lilikuwa limekuja kweli. Lilikuwa na ukubwa wa mikeka miwili, na lilikaa juu ya kiti cha Mfalme.

"Hiyo ni awamu ya kwanza," Korongo alimwambia akipita.

Ngiri akapokea kibuyu chake kama wenzake, akanywa, maana cha bure kina utamu wake. Mfalme alikunywa, akalamba midomo. Fisi alikunywa ameng'ata tabasamu. Kasuku alikunywa viwili. Wachezaji walinusurika, kwa kuwa Nyumbu, kocha wa Makwato, hakumwamini mtu yeyote anayetoa kitu bure. Yeye aliwafungia wake chumbani, na Makucha wakaiga, mpaka filimbi ilie.

Bi Punda akapanda jiwe la mbiu. Angeweza kuliita jina mara moja, wakati watu bado wako sawa, lakini adabu ilimtaka amsifu Mfalme kwanza, naye siku hiyo alikuwa na adabu isiyo na mwisho. Akamsifu kwa baba yake na babu yake. Akamsifu kwa upana wa kinywa, kwa wingi wa mapovu, kwa kila dimbwi alimowahi kulala. Alipofika kwa shangazi wa Mfalme upande wa mama, tumbo la Mtukufu likanguruma likasikika hadi goli la mashariki.

Korongo akatua miguu yote miwili chini. Waliomwona wanasema hapo ndipo walipojua mambo yameharibika.

Alitangulia Fisi, akikimbilia majabali bila kuaga. Akafuata Korongo. Kisha upande wote wa jua ukanyanyuka kwa pamoja, na upande wa kivuli ukafuata, na vichaka vya Lamboni vikapata wageni ambao havikuwahi kuwapata. Mfalme hakukubali kwenda kichakani na raia. Alidai lazima afike lamboni kwake, mwendo wa nusu saa kwa mtu mwenye tumbo zima, akashika njia akijikaza kiume. Wahenga walisema asante ya punda ni mateke. Siku ile Punda hakuinua hata kwato.

Aliwahurumia watu wake, tena sana. Lakini kazi ni kazi.

"Uwanja wa Safisha Tumbo!" akaita, kwa sauti yake yote, bila hila.

Kimya.

"Uwanja wa Safisha Tumbo!"

Mlinzi mmoja wa Fisi aliyekuwa akijitahidi kubaki alifungua kinywa, akasema "U—", akaondoka mbio.

"Uwanja wa Safisha Tumbo!"

Upepo ulipita juu ya mawe matupu. Jina limezikwa. Bi Punda alivuta pumzi, akataka kushuka jiwe, na hapo mwamuzi, Heroe mwenye miguu myembamba na roho ngumu, ambaye siku ya kazi hakunywa hata maji wala kuitika jina lolote, akamzuia.

"Mpira hauwekwi pasipo na jina, Bi Punda. Uwanja unaitwaje?"

Katika ujanja wake wote hakuwa amelifikiria hilo. Aliuondolea uwanja watu ili wasiitike jina la Fisi, na sasa hapakuwa na wa kuitika jina la Fuko. Akiita mara tatu kukawa kimya, na hilo limezikwa, na aliyelizika ni yeye.

"Tungoje kidogo," aliomba. "Watarudi."

"Saa ya mechi haingoji," alisema Heroe. "Desturi."

Basi akaita. "Uwanja wa Fuko!" Kimya. Akaita tena, na sauti yake ile iliyovuka bonde ikapasuka katikati. Kimya. Akafumba macho, akamwomba radhi Fuko moyoni, akaita mara ya tatu.

Kwanza ilikuwa kama ardhi inakohoa. Kisha ikaja sauti ya mwanamke chini ya goli la magharibi, na sauti saba ndogo nyuma yake. Hao miaka ishirini hawakuwahi kuitika, kwa kuwa waliona kuitika ni kwa walio juu. Walikuwa wakingoja vishindo vya umati kama kawaida, vishindo havikuja, na mama yao akaelewa.

"Upo!" ilisema ardhi. "Upo! Upo!"

Na kutoka vichakani, kwa sauti za kinyonge, mmoja mmoja, watu nao wakaanza kuitika walipokuwa. Ya Nungunungu ilijulikana. Ya Ngiri ilikuwa ndefu kuliko zote, na haikuwa ya furaha tu. Bi Punda alishuka jiwe akalia hadharani, wala hakujificha.

Filimbi ikapigwa. Mashabiki walirejea wamekonda lakini wepesi, wakakaa juu ya mawe yao, na mpira ukachezwa vizuri kuliko siku zote za msimu ule. Kipindi cha kwanza kiliisha bila mtu kuuliza habari za kiti kilichokuwa wazi chini ya paa. Mapumzikoni Mama Nguchiro alikwenda kukaa hapo na chungu chake, akasema pana kivuli kizuri.

Kipindi cha pili kilikuwa kimefika ukingoni, Makwato wakiwa na kona, Mfalme Kiboko alipofika langoni, peke yake, amechoka, matope hadi masikioni.

"Fungua," alisema.

Ngiri alimtazama kwa makini. Akalitazama lile paa la mikeka miwili. Akamtazama tena. "Jina?"

"Unaniuliza mimi jina?"

"Mlinzi lazima aulize, mzee." Ngiri akageuka, akapaza sauti. "Bi Punda! Kuna mtu hapa anasema yeye ndiye mfalme. Hebu mwite, tuone kama yupo."

Bi Punda alikuwa ameisimamia desturi siku nzima, hakuona sababu ya kuiacha jioni. Akapanda jiwe, akaita kwa sauti ile ile aliyowaitia wote.

"Mfalme Kiboko!"

Mpigaji kona alikuwa anaupanga mpira. Hakuna aliyegeuka.

"Mfalme Kiboko!"

Mpira ulipigwa, ukapaa. Watu walisimama juu ya mawe, shingo mbele, pumzi zimekatika.

"Mfalme Kiboko!"

Uwanja mzima ukalipuka. Mawe yalitikisika, watu wakakumbatiana, wengine walilia, na chini ya goli la magharibi ardhi nayo ilipiga vigelegele. Kule langoni uso wa Mfalme ulifunguka taratibu. Akanyoosha mgongo, akainua mkono kuwapungia watu wake.

"Shusha mkono, mzee," Ngiri alimwambia. "Hilo ni goli."